Nasaba Ndani ya Seli: Uhakiki wa Istilahi "Vinasaba" katika Muktadha wa Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi vinasaba, ambayo katika Kiswahili cha leo hutumika kutaja DNA, jeni na hata kipimo cha kumtambua mzazi. Inadaiwa kwamba istilahi hiyo inaitazama molekuli kutoka nje, yaani kutoka mahakamani na katika baraza la ukoo, badala ya kuitazama kutoka ndani ya seli inamofanyia kazi. Uhakiki umejikita Kampala, mji ambamo kipimo cha mzazi, matibabu ya VVU na ugonjwa wa selimundu vimeifanya DNA kuwa neno la nyumbani, na ambamo Kiswahili ndiyo kwanza kinaingia darasani kama somo la lazima. Neno la Kiganda endagabutonde linatumika kama kioo cha kujipimia.

Istilahi za msingi: vinasaba, DNA, nyukleotidi, nasaba, uundaji wa istilahi, Kampala

1.0 Utangulizi

Wandegeya ni mtaa wa Kampala ulio chini ya kilima cha Makerere, wenye vibanda vya chakula na msongamano wa bodaboda. Hapo ndipo ilipo maabara ya uchunguzi ya serikali ya Uganda, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Katika mwaka 2023 maabara hiyo ilipata umaarufu ambao maabara chache huupata. Magazeti, redio na runinga vilijaa habari za wanaume waliotaka kujua kama watoto wanaowalea ni wa damu yao, na Wizara yenyewe ilieleza kwamba maombi ya kipimo hicho yalikuwa yameongezeka. Ndoa zilijadiliwa hadharani. Watoto, ambao miili yao ndiyo iliyotolewa sampuli, walizungumzwa bila kusemeshwa.

Mjadala huo uliendeshwa zaidi kwa Kiingereza na Kiganda. Kiswahili kilikaa pembeni, jambo lisiloshangaza katika mji ambamo kwa miaka mingi lugha hii ilihusishwa na kambi za jeshi na vituo vya polisi. Hata hivyo hali inabadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Lugha inayoingia darasani haiingii na sarufi peke yake. Huingia na msamiati uliotungwa kwingine kwa haja za kwingine, ukiwamo msamiati wa elimu ya urithi, na katika msamiati huo neno linalotangulia mengine yote ni vinasaba.

Hivyo basi, swali linaloongoza uhakiki huu ni la kawaida katika taaluma ya istilahi: neno hili linamwambia nini msikilizaji kuhusu kitu kinachotajwa, na linamficha nini? Swali lingebaki la wanaisimu tu kama kitu chenyewe kisingekuwa kimeshika hatima ya mtoto nyumbani, au ya mgonjwa kliniki.

2.0 Neno na Ukoo Wake

Kinasaba limetokana na nasaba, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ukoo au mfululizo wa vizazi. Utungaji wake ni mwepesi na wa Kiswahili halisi. Nomino ya ngeli ya I-ZI imevikwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, ambayo ni ngeli ya vitu na pia ya udogo, ikapatikana dhana ya "kitu kidogo cha ukoo". Istilahi nyingi za sayansi zilizoundwa katika nusu ya pili ya karne ya 20 zilibaki kwenye kurasa za kamusi. Hili lilitoka likaenda sokoni. Nchini Tanzania limepata hata nguvu ya dola, kwa kuwa nchi hiyo ilitunga mwaka 2009 sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hulitumia katika shughuli zake. Nchini Kenya matumizi ni ya mchanganyiko: mwandishi mmoja wa habari ataandika DNA, mwingine chembechembe za urithi, mwingine msimbojeni.

Mafanikio hayo yanastahili sifa, lakini yana gharama. Kwanza, ngeli ya KI-VI imeifanya molekuli ihesabike. Msikilizaji wa vinasaba hupata picha ya punje nyingi zilizotapakaa mwilini, ilhali DNA ni uzi mrefu usiokatika ndani ya kila kromosomu. Pili, neno moja limebebeshwa vitu viwili ambavyo sayansi huvitenganisha: DNA, ambayo ni kemikali, na jeni, ambayo ni sehemu ya kemikali hiyo yenye maelekezo fulani. Ni sawa na kuwa na neno moja la karatasi na barua. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, nasaba si neno tulivu. Ni neno la heshima na aibu.

Fasihi inalijua hilo vizuri. Katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, mtawala mwovu anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Kinaya cha jina hilo hakihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu nasaba tayari ina mizani ya maadili ndani yake: kuna nasaba ya kujivunia na nasaba ya kufichwa. Tena riwaya hiyo inakizungusha kisa chake kwenye mtoto mchanga anayeachwa mlangoni pa kijana asiye na hatia, ilhali aliyemzaa ni huyo huyo mwenye jina la nasaba njema. Walibora alihitaji neno linalohukumu, na alilipata. Mwalimu wa biolojia anahitaji neno lisilohukumu, na amepewa hilo hilo.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili hakikutenda dhambi ya peke yake. Mdenmark Wilhelm Johannsen, aliyelitunga neno jeni mwaka 1909, alilichota katika shina la Kigiriki lenye maana ya kuzaliwa na kizazi, kwa hiyo jeni na kinasaba ni kama ndugu. Pingamizi hili ni la haki, lakini linasahau tofauti ya usikivu. Msemaji wa Kiingereza asiyesoma Kigiriki hausikii ukoo ndani ya neno hilo. Shina limekufa masikioni mwake. Kwa Mswahili nasaba lingali hai. Linatajwa kwenye posa, kwenye matanga na kwenye kesi za mirathi. Johannsen mwenyewe alilipendelea neno fupi ambalo halikumfunga kwenye nadharia yoyote kuhusu kitu chenyewe ni nini, kwa sababu wakati huo hakuna aliyejua.

Pwani nako kuna funzo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya kale kutoka kwa watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya mwambao kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Matokeo yalionyesha mchanganyiko wa asili za Kiafrika na za Kiasia, hasa za Kiajemi, ulioanza karibu mwaka 1000. Habari hiyo ilipokewa na wengi kama uthibitisho wa nasaba ya Kishirazi inayosimuliwa katika tarihi za Kilwa. Ukweli ni kwamba utafiti huo huo ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya DNA ya wengi wa watu hao ilitoka kwa mababu wa Kiafrika, na hao zaidi walikuwa wanawake. Tarihi zilihesabu baba. DNA haikuwaacha mama. Aliyeisoma kama nasaba aliisoma nusu.

3.0 Kazi Inayofanyika Ndani ya Seli

Mwaka 1869 daktari wa Uswisi, Friedrich Miescher, alikuwa Tübingen nchini Ujerumani akichunguza usaha uliotolewa kwenye bendeji za wagonjwa. Katika viini vya seli za usaha huo alikuta dutu yenye fosforasi nyingi isiyofanana na protini, akaipa jina lililotokana na neno la kiini. Jina la asidi ya nyukleiki ni mtoto wa jina hilo. Linasema kitu kilikutwa wapi na ni cha aina gani kikemia. Kuhusu urithi halisemi lolote. Ilichukua hadi mwaka 1944 kwa Oswald Avery na wenzake wawili mjini New York kuonyesha kwamba dutu hiyo ndiyo inayobeba sifa za urithi katika bakteria, na hadi 1953 kwa James Watson na Francis Crick kueleza umbo lake, wakisaidiwa pakubwa na picha za eksirei za Rosalind Franklin.

Umbo lenyewe halina fumbo kubwa. Nyukleotidi moja ina sehemu tatu zilizoshikana: sukari yenye atomi tano za kaboni, kundi la fosfeti, na besi. Sukari ya nyukleotidi moja huungana na fosfeti ya nyingine, na hivyo hupatikana uzi ambao mgongo wake ni sukari na fosfeti kwa kupokezana, na besi zimetokeza upande mmoja. Katika DNA besi ni nne, nazo ni adenini, thaimini, guanini na sitosini. Nyuzi mbili hukaa zikitazamana na kusokotana, adenini ikishikana na thaimini, guanini na sitosini. Seti moja ya kromosomu za binadamu ina jozi za besi zipatazo bilioni tatu.

Vitabu vya shule hupenda kulifananisha umbo hili na ngazi iliyopindwa. Mfano huo unafaa kwa mchoro ubaoni, lakini ngazi haizai ngazi. Kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi mbili ingekaribia zaidi, maana kila aliyewahi kuifumua anajua kwamba uzi mmoja hubaki na alama ya mwenzake. Huo ndio moyo wa jambo. Seli inapotaka kugawanyika, vimeng'enya huifumua DNA, na kila uzi huwa kiolezo cha kujengea mwenzake mpya. Penye adenini hupachikwa thaimini. Penye sitosini, guanini. Kunakili huku kunaendelea katika uboho wa kila mtu usiku na mchana. Aidha, sehemu za DNA hunakiliwa kuwa RNA, ambayo ina yurasili mahali pa thaimini, na RNA husomwa na ribosomu besi tatu tatu ili kuunganisha protini. Sehemu inayotoa maelekezo ya protini ni ndogo sana, takriban asilimia moja hadi mbili ya DNA yote ya binadamu.

Hapa istilahi vinasaba inaanza kukosa pumzi. Seli ya ini ya mtu mzima, inayosoma DNA yake ili itengeneze kimeng'enya cha kuvunja sumu, haifanyi jambo lolote la ukoo. Seli hiyo haitarithiwa na mtu. Itakufa na mwenyewe. Tena nyukleotidi hazikuumbwa kwa ajili ya DNA peke yake. ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ndani ya seli, ni nyukleotidi yenye adenini ile ile na fosfeti tatu. Mwendesha bodaboda anayepanda mlima wa Makerere anachoma petroli kwenye injini na ATP kwenye misuli ya mikono, na katika yote hayo hakuna nasaba. Neno linaloiita molekuli "kitu cha ukoo" linaifunga kwenye tendo moja, kuzaa, na kuyaacha bila jina matendo yasiyokoma.

4.0 Kitovu Majini na Bahasha ya Maabara

Kabla ya maabara ya Wandegeya, Buganda ilikuwa na kipimo chake. Katika sherehe ya okwalula abaana, watoto wa mwanamume wa ukoo walikusanywa kupewa majina, na vipande vya vitovu vyao, vilivyohifadhiwa na mama zao tangu siku za uzazi, vilitumbukizwa katika chombo chenye maji, maziwa na pombe. Kitovu kilichoelea kilimthibitisha mtoto kuwa wa ukoo, kilichozama kilimkana. John Roscoe alikieleza kipimo hicho katika kitabu chake kuhusu Waganda kilichochapishwa mwaka 1911, na tangu hapo wachambuzi wa utamaduni wamezoea kusema kwamba DNA imekuja kuchukua nafasi ya kitovu, kwamba ni kitu kile kile kilichopata mashine.

Ulinganisho huo unavutia, ila haustahimili uchunguzi. Chombo cha maji kiliuliza swali la ukoo na kikatoa jibu la ukoo, mbele ya ukoo, siku moja na sherehe ya majina. Mtoto aliyethibitishwa alipewa jina miongoni mwa majina ya ekika, akawa na watu wa kumlaumu na kumzika. Maabara haiulizi swali hilo. Haina namna ya kuliuliza. Inachofanya ni kuhesabu. Katika sehemu kadhaa za DNA, mara nyingi 15 au zaidi, kuna vikundi vifupi vya besi, aghalabu nne nne, vinavyojirudia mfululizo. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mtoto mwenye marudio 8 kwenye kromosomu moja na 11 kwenye jozi yake lazima awe amepata moja ya namba hizo kwa mama na nyingine kwa baba. Mwanamume akikosa namba inayotakiwa katika sehemu kadhaa, hutamkwa kwamba siye. Sehemu zinazohesabiwa zilichaguliwa kwa sababu hutofautiana sana, na haziamui umbo la pua wala tabia. Kwa maneno mengine, kipimo kinachoitwa cha vinasaba kwa kawaida hakisomi jeni hata moja.

Zaidi ya hayo, nasaba na namba hizo zinaweza kuachana njia bila upande wowote kukosea. Kwa Waganda, kama ilivyo kwa Waswahili, ndugu wa kiume wa baba ni baba pia: Mganda atamwita taata omuto, Mswahili baba mdogo. Mtoto ambaye maabara inasema amezaliwa na kaka wa mumewe mama bado ni wa ekika kile kile, wa mwiko ule ule. Ndani ya nyumba huo ni msiba, lakini kwa nasaba hakuna kilichobadilika. Na katika desturi ya Buganda Kabaka huhesabiwa upande wa ukoo wa mama yake, ilhali raia wake hufuata wa baba. Nasaba, basi, ni kanuni iliyotungwa na watu, yenye hekima yake na upendeleo wake. Kuiita DNA kwa jina lake ni kuipa kemikali mamlaka ya baraza la wazee, na wakati huo huo kuwapokonya wazee mamlaka hayo.

Haitakuwa haki kulitwisha neno la Kiswahili lawama za mwaka 2023. Kama ilivyotajwa, Kampala ilizungumza Kiganda, na Kiganda kina neno lake, endagabutonde. Neno hili halina ukoo ndani yake. Butonde ni maumbile, na endaga ni kile kinachoonyesha. Utungaji wake unafuata endagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa. Endagabutonde ni kitambulisho cha maumbile. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kulionea wivu, lakini nalo lina kasoro inayofanana na ya kinasaba. Kitambulisho ni kitu cha kuonyeshwa kwa ofisa. Neno la Kiganda limeizaa DNA kwenye dirisha la ofisi, la Kiswahili limeizaa kwenye kikao cha ukoo, na hakuna hata moja lililoizaa kwenye seli. Yote mawili yanataja kile ambacho watu wanaitaka DNA iseme. Ndiyo maana yote mawili yanapatikana upesi katika kesi na kwa shida katika somo la biolojia.

Sheria ya Watoto ya Uganda imeyaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote. Neno linalotamka hukumu kabla ya bahasha kufunguliwa haliisaidii sheria hiyo.

5.0 Kirusi, Kidonge na Mtoto

Hasara kubwa zaidi ya istilahi hii haionekani Wandegeya. Inaonekana katika kliniki za VVU, na Uganda ina historia ndefu ya ugonjwa huu, tangu wakazi wa Rakai walipouita silimu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

VVU hubeba RNA badala ya DNA. Kikishaingia katika seli ya damu, kirusi hutumia kimeng'enya chake kunakili RNA hiyo kuwa DNA, kisha nakala hupachikwa ndani ya DNA ya seli yenyewe. Hapo ndipo dawa zinapoingilia, na zinaingilia kwa hila ya kinyukleotidi. Zidovudini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1964 kwa matumaini ya kutibu saratani na kuidhinishwa dhidi ya VVU mwaka 1987, inafanana na kiungo cha thaimini, isipokuwa mahali ambapo sukari yake ingeshikana na nyukleotidi inayofuata pamewekwa kundi jingine la atomi. Kimeng'enya cha kirusi kinadanganyika, kinaipachika, na uzi unakomea hapo. Tenofoviri na lamivudini hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kidonge kimoja cha kila siku ambacho Waganda wengi wanaoishi na VVU wanameza leo kina dawa hizo mbili pamoja na dolutegraviri, ambayo huzuia upachikaji wenyewe. Kwa hiyo mtu anayemeza kidonge hicho anameza viungo bandia vya uzi, viwili kwa wakati mmoja.

Ni maelezo ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyafuata, na yanampa sababu ya kutoruka siku: viungo bandia vikipungua, kirusi hupata nafasi ya kumalizia uzi wake, na katika kuumaliza hukosea herufi, na baadhi ya makosa hayo ndiyo usugu wa dawa. Lakini yaelezwe kwa istilahi ya vinasaba. Mwalimu atalazimika kusema kwamba kirusi huingia katika vinasaba vya mtu. Kila neno katika sentensi hiyo linaweza kutetewa kwa kamusi, na jumla yake ni upotoshaji. Masikioni mwa msikilizaji, ugonjwa umeingia katika ukoo.

Hauingii. Nakala ya kirusi hukaa katika baadhi ya seli za kinga, na mtoto hatungwi kutokana na seli hizo. Mtoto anayezaliwa na VVU hakurithi. Aliambukizwa, wakati wa ujauzito, wa kujifungua au wa kunyonya. Kampala ilikuwa mahali ambapo tofauti hiyo ilithibitishwa kwa vitendo. Katika utafiti uliofanyika Mulago na kuchapishwa mwaka 1999, dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu na moja kwa mtoto ililinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Watoto walipofikia wiki 14 hadi 16, walioambukizwa walikuwa asilimia 13.1 katika kundi la nevirapini na asilimia 25.1 katika kundi la zidovudini. Kitu kinachozuilika kwa kidonge kimoja cha siku ya kujifungua si urithi. Ila katika nyumba nyingi mtoto huyo husemwa kuwa "amerithi kwa mama yake", na istilahi rasmi, badala ya kumsahihisha msemaji, inampa ushahidi.

6.0 Selimundu

Urithi wa kweli upo, na Uganda inao kwa kiwango kikubwa. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia sampuli za damu za watoto wanaokaribia 100,000, ulikuta asilimia 13.3 wakiwa wabebaji wa chembe moja ya selimundu na asilimia 0.7 wakiwa wagonjwa. Chanzo ni besi moja. Katika jeni ya himoglobini, adenini imekaa thaimini, asidi amino moja ya protini ikabadilika, na seli nyekundu inapokosa oksijeni hujikunja kama mundu.

Hata hapa nasaba inapotosha. Nasaba kwa desturi hufuata upande mmoja, na Buganda upande huo ni wa baba. Selimundu huhitaji pande zote mbili: mtoto huumwa pale tu anapopata besi iliyobadilika kwa baba na kwa mama. Anayeitafuta katika ukoo wa mmoja wao, na aghalabu anayetafutwa ni mama, hataielewa.

Jina la ugonjwa wenyewe, kwa upande mwingine, ni miongoni mwa istilahi bora za tiba katika Kiswahili. Seli na mundu: mtunzi alitazama katika hadubini, akaona umbo, akalitaja. Hakumtaja mama wala baba. Mzazi anayelisikia mara ya kwanza anaweza kuuona ugonjwa kabla ya kuuogopa.

7.0 Istilahi kwa Darasa la Kampala

Ni dhahiri kwamba vinasaba halitaondoka. Lina sheria nyuma yake, na magazeti, na wasemaji wasiohitaji ruhusa ya mhakiki yeyote. Linalowezekana ni kulipunguzia eneo. Katika mitaala na vitabu vinavyoandikwa kwa ajili ya shule za Uganda, DNA ingefaa kubaki DNA, kwa ufupisho ambao mtoto wa Kampala tayari anausikia redioni; jeni litumike kwa sehemu yenye maelekezo; nyukleotidi kwa kiungo; besi kwa kile kinachotofautisha kiungo na kiungo. Msimbojeni la Kenya lina mantiki, ila linataja ujumbe na kuuacha uzi wenyewe bila jina. Chembe za urithi lina kasoro ile ile ya punje, na limerudisha urithi kwa mlango wa nyuma. Kipimo cha Wandegeya kingeitwa kipimo cha mzazi. Jina hilo linasema kinachotafutwa na kukomea hapo.

Watetezi wa usanifishaji watalalamika kwamba orodha hiyo ina maneno manne ya kigeni. Lalamiko lina uzito, na selimundu ni ushahidi kwamba njia nyingine ipo. Kama mtunzi atapata neno la uzi pacha au la kiolezo linalotokana na kazi ya DNA yenyewe, neno hilo lipokewe. Hadi hapo, neno geni lisilosema kitu ni salama kuliko neno la nyumbani linalosema lisilokuwapo, hususani mbele ya wanafunzi ambao baadhi yao humeza kidonge kila jioni na hawajamwambia yeyote darasani.

Mwalimu wa wanafunzi hao ana sentensi mbili za kuchagua. Ya kwanza: Kirusi huingia katika vinasaba vya mtu. Ya pili: Kirusi hupachika nakala yake katika DNA ya baadhi ya seli za damu. Ya kwanza ina maneno 6, ya pili 12. Ya pili inahitaji pia mchoro ubaoni na dakika chache za kueleza ni seli zipi, na kwa nini mtoto hatoki humo.